Mali Bila Daftari: Watwa wa Kahuzi-Biega na Kesi ya Ardhi Yao

Kipindi cha historia. Nakala ya kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji.

(Muziki wa kipindi. Unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Kama unatusikiliza redioni, sogea karibu. Kama unasoma nakala hii ya karatasi, ukimaliza mpe jirani, au msomee yule asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza kuhusu ardhi. Swali letu ni moja: mtu aliyeondolewa kwenye ardhi ya mababu zake, naye hana hata karatasi moja mkononi, atathibitishaje kwamba ardhi ile ni yake?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara asiyeandika mauzo yake. Lakini methali hiyo inawahusu pia watu wengi tunaoishi nao hapa kambini, na inawahusu watu wa msituni ambao historia yao tutaisimulia leo.

Maneno haya nayaandika Kimironko, mjini Kigali, ambako kipindi chetu huhaririwa. Hapa, ukitoka sokoni ukapanda juu kwenye nyumba za watu, kila kiwanja kina namba yake. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 serikali ya Rwanda ilipima na kuandikisha ardhi ya nchi nzima, zaidi ya vipande milioni 10. Majirani wakigombania mpaka, jambo la kwanza wanaulizana namba ya kiwanja. Daftari lipo, nalo linasema.

Sasa tutoke hapa penye namba, tuelekee magharibi, tuvuke Ziwa Kivu hadi Kivu Kusini. Huko kuna watu walioishi msituni vizazi na vizazi bila namba yoyote.

(Ngoma fupi.)

SEHEMU YA KWANZA: MSITU UNAGEUKA MBUGA

Kahuzi na Biega ni milima miwili, volkano zilizozimika zamani, upande wa magharibi wa mji wa Bukavu. Kahuzi una urefu wa mita 3,308. Chini ya milima hiyo kuna msitu mkubwa, na ndani ya msitu huo waliishi Watwa. Waliwinda, walichimba viazi vya porini, walirina asali, walichuma dawa. Walizika wafu wao humo na kuwaomba mababu zao humo. Kila kijito na kila bonde lilikuwa na jina. Mtoto alijua mipaka ya ukoo wake kwa kutembea na baba yake.

Mwaka 1937 Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, waliutangaza msitu wa Kahuzi kuwa hifadhi. Watwa waliendelea kuishi humo. Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru. Tarehe 30 Novemba 1970 serikali ya Mobutu iliunda Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hekta 60,000, ili kuwalinda gorila wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Mwaka 1975 mbuga iliongezwa mara kumi, ikafika hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa fikiria, msikilizaji. Mtu anaambiwa kwamba nyumba yake imekuwa urithi wa dunia nzima, na kwamba dunia nzima inaweza kuja kuitembelea, ila yeye haruhusiwi kuingia.

Watwa waliondolewa katika miaka ya 1970. Hawakuulizwa na hawakulipwa fidia. Makadirio ya walioondolewa yanafika watu 6,000. Mbuga ilipopanuliwa, wakulima wa makabila mengine nao walijikuta ndani ya mpaka wa mbuga bila kuhama hatua moja. Lakini mkulima mara nyingi alikuwa na ndugu kijiji cha pili, au chifu wa kumpatia kipande kingine. Mtwa hakuwa na pa kukimbilia.

Wengi walibaki pembezoni mwa mbuga, huko Kabare na Kalehe, wakijenga vibanda kwenye ardhi ya watu wengine. Walilimia wengine ili wapate chakula cha siku. Aliyeingia msituni kutafuta kuni au dawa alikamatwa kama mwizi. Wazee waliojua dawa za miti walizeeka mbali na miti yenyewe, na vijana hawakuwa na mahali pa kujifunzia.

Hali hii haikuwapata Watwa wa Kongo peke yao. Nchini Uganda, mwaka 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa mbuga za taifa, na Watwa wakatolewa. Hapa Rwanda, ambapo sheria haigawi wananchi kwa makabila, jamii hii hutajwa kwa maneno yenye maana ya watu walioachwa nyuma na historia. Nao misitu iliwafungia milango, pole pole, hadi wengi wao wakategemea kufinyanga vyungu. Kisha mabonde ya udongo wa mfinyanzi nayo yakawa ardhi ya serikali na mashamba ya mpunga. Pita leo soko la Kimironko uone sufuria za alumini na ndoo za plastiki zilivyopangwa, utaelewa mfinyanzi anashindana na nini.

(Ngoma fupi.)

SEHEMU YA PILI: "LETE HATI"

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuwaondoa?

Jibu liko kwenye sheria. Wakoloni walipofika Afrika waliichukua ardhi isiyolimwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Waliliona shamba na waliliona boma la ng'ombe, lakini njia za mwindaji na mizinga ya nyuki juu ya miti hawakuihesabu kama alama ya umiliki. Baada ya uhuru serikali nyingi zilirithi mawazo hayo. Nchini Zaire, sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Raia alipewa haki ya kuitumia tu, kwa karatasi itokayo ofisini.

Kwa hiyo Mtwa aliposema, "hapa ni kwetu," aliulizwa, "hati iko wapi?" Hakuwa nayo. Na aliyemuuliza alijua kwamba hakuna ofisi yoyote iliyowahi kumpa.

Wengi wetu tumeshakutana na swali hilo. Kuna aliyekimbia usiku na watoto wawili mgongoni na mkononi, akaacha kila kitu. Kuna ambaye baba yake alipewa shamba na chifu kwa kreti ya bia na mbuzi, mbele ya mashahidi, na mashahidi wale wote sasa wametawanyika. Je, haki yake imeishia pale?

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: MLANGO UNAFUNGULIWA

Mwaka 1981 viongozi wa Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Huenda umewahi kujiuliza, kwa nini "binadamu na watu"? Si ni kitu kile kile? Hapana. "Binadamu" ni wewe mmoja mmoja. "Watu" ni jamii kwa pamoja, yenye lugha yake, mila zake na mahali pake. Mkataba huo unasema kwamba jamii nayo ina haki zake. Neno hilo moja, "watu", lilikaa kwenye karatasi miaka mingi kabla ya jamii ndogo kulitumia kudai ardhi.

Waendorois wa Kenya walilitumia. Hao ni wafugaji wa eneo la Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1973 serikali ilitenga hifadhi ya wanyama kuzunguka ziwa hilo, na Waendorois wakahamishwa. Walipoteza malisho, ardhi ya chumvi ambayo mifugo yao ilikuwa ikilamba, na mahali pao pa ibada. Walikwenda mahakamani nchini mwao wakashindwa. Mwaka 2003 walipeleka shauri kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia.

Mwezi Novemba 2009 Tume ilitoa uamuzi, na Februari 2010 Umoja wa Afrika ukauidhinisha. Nakuomba uyasikilize vizuri mambo mawili ya uamuzi huo.

La kwanza: jamii iliyoishi kwenye ardhi kwa mila yake, kwa muda mrefu, ina haki yenye nguvu sawa na hati itolewayo na serikali.

La pili: jamii iliyoondolewa bila ridhaa yake haipotezi haki yake kwa sababu tu haipo pale, hata kama haina hati. Na kama ardhi imekwisha kuuzwa kihalali kwa mtu mwingine aliyenunua kwa nia njema, jamii ile bado inastahili kurudishiwa, au kupewa ardhi nyingine yenye ukubwa na ubora ule ule.

Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa Tume hiyo kutambua haki ya jamii ya asili juu ya ardhi yake ya jadi.

Wa pili walikuwa Waogiek wa msitu wa Mau, warina asali maarufu. Mwezi Oktoba 2009 walipewa ilani ya siku 30 watoke msituni, kwa maelezo kwamba msitu ni chanzo cha maji na lazima uhifadhiwe. Shauri lao lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, Tanzania. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ilisema kwamba Kenya imevunja haki zao. Kuhusu hoja ya mazingira, majaji walipima ushahidi wakaona kwamba kuharibika kwa Mau kulitokana na wavamizi wengine, na serikali yenyewe kugawa sehemu za msitu na kutoa vibali vya kukata miti. Si Waogiek walioumaliza. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama hiyo iliamuru walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao.

(Ngoma fupi.)

SEHEMU YA NNE: ZAMU YA WATWA

Turudi Kahuzi-Biega. Watwa nao walianzia mahakama za nyumbani, huko Kivu Kusini, bila kupata haki. Mwaka 2015, wakisaidiwa na shirika la Kikongo la ERND na shirika la Minority Rights Group, shauri lao lilipelekwa kwa Tume ile ile ya Banjul. Lilipewa namba 588/15. Hatimaye watu wasio na namba ya kiwanja walipata namba ya kesi.

Kusubiri kulikuwa kurefu, na njaa haisubiri. Mwezi Oktoba 2018 familia nyingi za Watwa ziliamua kurudi msituni zenyewe. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Baada ya kurudi, miti ilikatwa na makaa yakachomwa. Watwa wengine walishiriki, lakini faida kubwa ilikwenda kwa wafanyabiashara na watu wenye silaha, ambao hawakuwa Watwa. Mapambano na walinzi wa mbuga yakazuka, na walinzi nao walipoteza maisha. Kisha kuanzia mwaka 2019 hadi 2021 vijiji vya Watwa vilishambuliwa na walinzi pamoja na wanajeshi. Minority Rights Group ilichunguza na kuripoti kwamba angalau Watwa 20 waliuawa, wanawake walibakwa na nyumba zilichomwa moto.

Uamuzi wa Tume ulipitishwa mwaka 2022, ukatangazwa hadharani mwaka 2024. Tume ilisema kwamba Kongo imevunja haki za Watwa: haki ya uhai, ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya afya, ya maliasili na ya maendeleo. Ilisema kuhifadhi mazingira si sababu ya kuwafukuza. Ikaitaka serikali iwarudishie ardhi yao ya jadi kwa hati ya pamoja, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani.

Ni zaidi ya miaka 50 tangu 1970. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kufukuzwa alikuwa na wajukuu siku uamuzi ulipotangazwa.

Ilikuwaje wakashinda bila hati? Daftari lao lilikuwa vichwani. Lilikuwa kwenye makaburi, kwenye majina ya vilima, kwenye ushuhuda wa wazee waliosema, "hapa tulizika, hapa tuliabudu, huyu ndiye aliyekuwa jirani yetu." Jamii hizi tatu zilipokaa na mawakili wao, zilieleza maisha yao kipande kwa kipande, na maelezo hayo yakawa ushahidi.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TANO: HUKUMU HAINA MIGUU

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo kila mtu alirudi kwake. Siyo hivyo.

Waendorois walipata uamuzi mwaka 2010, lakini Ziwa Bogoria halijarudi mikononi mwao. Mwaka 2014 serikali iliunda kikosi kazi, muda wake ukaisha bila ardhi kurudishwa. Waogiek walishinda mara mbili Arusha, na bado mwezi Novemba 2023 nyumba za baadhi yao zilibomolewa huko Sasimwani, katika kaunti ya Narok. Nchini Uganda, tarehe 19 Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba Watwa walitendewa isivyo haki, lakini serikali ikakata rufaa. Watwa wa Kahuzi-Biega nao wanangoja huku eneo lao limejaa vita.

Hukumu haina miguu. Lazima watu waisukume. Hata hivyo ina kazi yake. Kabla ya uamuzi, Mtwa akiingia msituni aliitwa mvamizi. Sasa kuna maandishi ya Afrika yote yanayosema ni mwenyeji. Nchini Kongo, sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ilitambua kwa mara ya kwanza haki za jamii za asili za Wambilikimo, kama sheria hiyo inavyowaita, ikiwemo haki ya ardhi wanayoishi kwa jadi. Sheria ile haikudondoka kutoka mbinguni. Watu waliidai miaka mingi.

(Ngoma fupi.)

SEHEMU YA SITA: NA SISI JE?

Sisi wakimbizi hatuko katika hali moja na Watwa wa Kahuzi-Biega, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba uamuzi wa Banjul unampa shamba lake kesho. Kesi zile ni za jamii za asili. Lakini kuna kanuni inayotugusa: kuondoka kwa kulazimishwa si sawa na kuacha. Mwaka 2006, mjini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu, zikiwemo Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia sahihi mkataba ambao ndani yake kuna itifaki juu ya mali za watu wanaorejea. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziwasaidie kupata tena mali zao, na ziutambue umiliki wa kimila pamoja na ule wa hati.

Kwa hiyo tutunze daftari letu.

Mimi nilizaliwa Kiziba. Shamba la babu yangu sijawahi kuliona. Lakini bibi alinifundisha mipaka yake kama watoto wanavyofundishwa sala: juu kuna mikaratusi saba, chini kuna kijito, kushoto uzio wa miyenzi, na chini ya mparachichi amelala mjomba aliyekufa mdogo. Bibi hajui kusoma. Mwaka jana nilimwomba arudie yote, nikaandika kwenye daftari la shule. Nilipomsomea alinisahihisha mahali pawili.

Wewe pia unaweza kufanya hivyo. Mwandikie mzee wako. Andika jimbo, wilaya, eneo la chifu na kijiji; kwa Warundi, mkoa, tarafa na kilima. Andika ardhi ilipatikana vipi na kutoka kwa nani. Andika mipaka, majirani, makaburi, na siku mliyoondoka. Andika mashahidi ambao bado wako hai. Kama kuna karatasi yoyote ya zamani, ya kodi, ya chifu au ya hospitali, ipige picha, kisha uitunze mbali na maji. Daftari hilo liweke kwa siri ya familia, lisizunguke mikononi mwa watu.

Na kumbuka jambo moja. Anayelima shamba lako leo huenda naye alifukuzwa kwao. Wapo waliowekwa pale na wenye nguvu bila kujua ni la nani. Daftari lako ni la kwenda nalo mbele ya wasuluhishi na mahakama. Si la kuchochea ugomvi kati ya watoto wetu na watoto wao.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika familia yenu, nani anaijua mipaka ya ardhi mliyoiacha? Je, kuna kijana aliyejifunza kutoka kwake?

2. Kulinda gorila na msitu ni jambo jema. Watu wa msituni wangeshirikishwaje tangu mwanzo?

3. Kama unarudi nyumbani na kukuta familia nyingine kwenye shamba lako, ungeanza na neno gani?

Jadilianeni kwa heshima, na wazee wapewe nafasi ya kwanza kusema. Majibu yenu mpeni mwakilishi wa kikundi, nasi tutayasoma katika kipindi kijacho.

Mimi ni mtangazaji wenu.

(Muziki wa kipindi. Mwisho.)